Njia ya Magari Yote

Baba,

Shikamoo. Nakujua ulivyo: gazeti ulikuwa unalianzia nyuma, kwenye michezo, mambo ya nchi baadaye. Barua hii usiisome hivyo. Matokeo nimeyaweka mwishoni makusudi, kwa hiyo tulia, usiruke.

Kwanza habari za nyumbani. Mama mzima. Kahawa ya nyuma ya nyumba imezaa vizuri, na masale tuliyopanda kuzunguka kaburi lako yameshika yote, hata lile lililotafunwa na mbuzi. Moshono inajengwa kila siku. Pale ulipopenda kugeuzia gari sasa kuna geti jekundu na mbwa mwenye kelele. Nakukumbuka sana, Baba. Zaidi asubuhi ninapowasha gari, maana masikio yangu bado yanasubiri ukohoe kwanza ndipo injini iitike.

Sasa lile jambo. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao juu ya gari lako la bluu. Baba mdogo Anaeli akasema liuzwe, gari la mashindano halibebi majani ya ng'ombe wala halipeleki mtu kanisani. Nikasema nitaliendesha mimi. Watu walicheka, wengine kwa upendo. Miaka yote niliyokaa kiti cha kushoto nikikusomea ramani, kumbe walidhani mimi ni abiria. Mwisho wakanipa msimu mmoja. Nikileta kombe la taifa, gari linabaki, nisipoleta, linauzwa. Mama alikusanya vikombe akatoka. Unajua hajawahi kukaa ndani ya lile gari tangu ulilete.

Basi nikaendesha. Baba, niliendesha! Tanga niliacha bampa kwenye mkonge nikamaliza wa tatu. Iringa nilishinda, matope mpaka kwenye nyusi. Morogoro akashinda Faraji, kijana wa Dar mwenye gari jipya na adabu nyingi. Kila akinikuta ananiambia, "Dada, pole na msiba," hata kumchukia nikashindwa. Nikipata mimi huku, anapata yeye kule. Tulipofika mzunguko wa mwisho, hapa kwetu Arusha, pointi zetu zilikuwa sawasawa. Atakayemaliza kwa muda mfupi kuliko mwenzake ndiye bingwa, basi.

Siku chache kabla, nilifanya ulivyokuwa ukifanya. Nilibeba sukari na majani ya chai nikaenda Terrat kwa Mzee Lemburis kuomba njia. Wasimamizi walishabandika matangazo, lakini ng'ombe hawasomi matangazo, na wenye ng'ombe wanataka kusalimiwa. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini kwa salamu, akanipa pole ya msiba wako, tukanywa chai. Halafu akanieleza kuwa magari yatapita pale saa ileile ya kunywesha. Mimi nilikuwa nimepangwa kutangulia, Faraji nyuma yangu. Mzee akasema watawazuia ng'ombe mpaka gari la bluu lipite, kisha washuke bwawani. Akauliza kama hiyo inatosha.

Baba, ilikuwa inatosha kabisa. Mimi ningekwishapita, ng'ombe wajae barabarani, Faraji abaki pale akipiga honi. Nani angenilaumu? Godlisten, mtoto wa shangazi anayenisomea ramani siku hizi, alinikanyaga mguu nikubali. Nililiwaza gari, nikamwaza na mnunuzi atakayeliondoa uani kwetu. Halafu nikasikia mdomo wangu unatoa maneno yako: "Magari yote, mzee. Mpaka la mwisho lenye bendera." Ulikuwa unayasema kila mwaka, nami nimesimama nyuma yako nikidhani ni sehemu ya salamu. Godlisten alinuna mpaka tukafika mjini.

Siku yenyewe tulianzia juu, kwenye migomba, utelezi mtupu. Makumira wanafunzi walijaa kando ya barabara wakilishangilia gari, si mimi, maana wanalijua. Sikubembeleza kona hata moja, kama ulivyonikataza. Ulivyokuwa unanifokea nikisoma polepole, ndivyo nilivyomfokea Godlisten, pole yake. Mchana tukashuka Terrat tukiwa tumemzidi Faraji kwa sekunde chache tu. Vumbi hilo! Nikawaona ng'ombe wamezuiwa upande wa juu, kundi zima, na Mzee Lemburis mbele yao amenyoosha mkono kama trafiki. Nilicheka ndani ya helmeti. Nilimaliza nikijua kombe ni letu.

Halafu Faraji akaja. Njia ilikuwa nyeupe, na yule kijana anajua kuendesha.

Tulikosa, Baba. Kwa muda wa kupiga chafya. Nililia, sikudanganyi, na helmeti sikuivua ili watu wa kamera wasipate kitu.

Kikao kikakaa tena. Baba mdogo alikuja na mnunuzi kabisa. Godlisten, ambaye hasira zilikuwa hazijamtoka, akamwaga yote: ng'ombe, bwawa, na nilichomwambia mzee. Baba mdogo akajishika kichwa. "Yaani kombe umelishika mkononi, ukamgawia mtu wa Dar?" Ndipo Mama akainuka, akachukua ufunguo pale mezani. "Huyu ameendesha kama mwenye gari," alisema. "Haliuzwi." Akatoka uani, akafungua mlango wa kushoto, akakaa, kisha akaniita nikamwonyeshe mikanda inafungwaje.

Nilimpandisha mpaka kule juu mashamba yanakokaribia msitu. Gia ya pili tu alishaning'ang'ania mkono: "Elipenda mwanangu, taratibu." Juu tukazima injini. Aliutazama Mlima Meru, akalifuta vumbi la dashibodi kwa upande wa khanga, polepole, kama alivyokuwa akikufuta jasho ulipougua. Tulipogeuza akasema, "Haya, sasa kanyaga kidogo."

Baba, mwakani kombe nalileta hapa, nalisimamisha katikati ya masale yako. Sisemi nitajaribu. Terrat nitapita kwanza na sukari yangu, niombe njia ya magari yote, la Faraji likiwemo, kisha nimshinde ikiwa nyeupe vilevile.

Pumzika, baba yangu. Kiti cha kushoto usikiwazie, kina mwenyewe. Godlisten anakipata siku za mashindano tu. Jumapili iliyopita gari tulilipeleka kanisani, Mama kavaa gauni lake la kitenge na helmeti yako, na baba mdogo anasema walitusikia kabla kengele haijapigwa.

Mwanao,
Elipenda