Kapteni Anakuja Misikhu

Kwa shangazi yangu, Senge Edinah,

Mahindi hapa Kitale yamekomaa, na bado nauza vitambaa dukani kwa Mama Rina. Kazi ni ile ile.

Umeuliza kama kuna mtu. Yuko Kapteni, yule wa kipindi cha runinga cha saa moja jioni. Naandika hadithi kwa simu, naiweka mtandaoni, na ndani yake mimi ndiye mke wake. Usicheke. Nilimfikisha hadi kwetu Misikhu na ng'ombe wa mahari, akamsalimia Mama kwa mkono. Wasomaji wa Bungoma wakanigombeza: tangu lini mkwe akamshika mama mkwe mkono? Ati akuwe kapteni ama nani, hiyo ni aibu. Nikarekebisha. Sasa anasimama mbali, kofia mkononi, na wewe Senge ndiye unampokea.

Wamefurahi. Ila wanataka nitoe pale anaporudi kutoka kazini na kuniuliza kama nimekula. Wanasema hapo hakuna mapenzi, panachosha.

Hapo sipatoi, Senge. Hayo mengine yote, ng'ombe na kofia, niliyaandika ili nifike hapo.

Ni mimi Jentrix,
ninayepika kwa sufuria ndogo ya mtu mmoja.