Mstari kati yangu na Rehema

Jumatatu, 5 Mei
Barua za ofisi zimekwisha mapema. Nimefungua tena mchoro wa majibu ya kipimo changu cha vinasaba, skrini nimeigeuzia ukutani bosi asione. Kila mtu ni kitone. Wanaochangia vinasaba wanaunganishwa kwa mstari, kila kundi na rangi yake. Shangazi Zuhura anataka niuchapishe autundike dukani Buguruni, wateja waone tulivyotoka Hadhramaut, Uarabuni. Yeye mwenyewe alikataa kutema mate kwenye kichupa. Si adabu, anasema. Nikatema mimi.
Kichupa cha pili nilimpa Rehema. Shangazi hajui. Hajui pia kwamba nataka kumuoa.

Jumatano, 7 Mei
Nimemwambia Shangazi kuhusu ndoa. "Mmakonde? Wa Ukonga? Mwanangu, mie nina presha." Sikubisha. Nilikunywa chai hadi majani. Ndiye aliyenilea, asipokubali, hakuna wa kunipelekea posa.

Ijumaa, 9 Mei
Majibu ya Rehema yametoka. Kitone chake kimetua kwenye kundi la kijani, kubwa kuliko yote kwangu. Watu wa Newala, Umakondeni, watupu. Kundi la Hadhramaut lina vitone viwili, kimoja kimekaa pembeni kama mgeni asiyejulikana kaalikwa na nani.
Na kati yangu na Rehema kuna mstari. Mwembamba. Nimefunga kompyuta, nimefungua. Bado upo.
Nimemwandikia Rehema. Amejibu, "Pole braza. Umekula?" Sijala.

Jumapili, 11 Mei
Nilimpelekea Shangazi mchoro nikisubiri kufukuzwa. Akavaa miwani, akafuata mstari kwa kidole.
"Huu ni udugu?"
Wa mbali, nikasema. Vitukuu vya ndugu wawili wa tumbo moja.
"Basi ni wetu. Ungesema mapema. Ndugu ndiye wa kuoa." Presha imepona. Kaagiza halua. Kundi la kijani hakuligusa.
Nilipaswa kufurahi. Naogopa atakavyoueleza mstari huo Ukonga.

Jumatano, 14 Mei
Nilikuwa na haki ya kuogopa. Tumepeleka posa Ukonga. Baba yake Rehema anachonga vinyago uani. Alikuwa radhi kabisa. Shangazi akatandaza mchoro mezani kama cheti. "Tumekuja kuchukua damu yetu."
Mzee akaweka patasi chini. "Damu ya upande gani, mama?"
"Wa marehemu mama yake huyu kijana," akasema Shangazi, haraka.
"Basi haiwezekani. Kwetu ukoo unafuata mama. Rehema ni dada yake."
Mama yangu alikuwa Msambaa wa Tanga. Hakuwahi kuvuka Rufiji kwenda kusini. Nililijua hilo na nikakaa kimya, nikitazama viatu vyangu. Posa imerudi. Halua imebaki kwao.
Ujumbe wa Rehema jioni: "Shikamoo kaka." Halafu: "Ulishindwa kusema?" Aibu.

Jumamosi, 17 Mei
Nimesema. Nimemfuata dukani. Shangazi, mama ni wa Tanga. Kijani kimetoka kwetu, kwa baba. Usipomwambia mzee, namkosa Rehema.
Alipanga sabuni kwenye rafu. Akazipangua. Akazipanga tena.

Jumapili, 18 Mei
Asubuhi alikuwa amevaa baibui, yuko mlangoni. Tukaenda Ukonga bila halua.
Hakutandaza mchoro. Aligusa mdomo wake wa juu. "Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na tundu hapa. Akiwepo mgeni anajifunika kanga. Tuliambiwa tuseme aliumia utotoni."
"Ndonya," akasema mzee, taratibu. "Pambo la mdomo la bibi zetu wa Kimakonde."
"Ndonya."
Mzee akahesabu kwa vidole: bibi, mtoto wa kiume, mjukuu wa kiume, mimi. "Ukoo wa bibi uliishia kwa huyo mwanawe wa kiume. Kijana si wa kwetu. Aoe." Rehema alicheka huko jikoni.
Sasa tumerudi. Shangazi ameniomba niongeze kitone cha bibi yake. Nikamuuliza jina. Alinitajia jina ambalo halijawahi kutamkwa nyumbani kwetu. Nikalirudia. Akanisahihisha, akakaa kando yangu nikiliandika.