Seva ya Duka Itajiwasha

Bashir,

Uji wa Mama uko kwenye chupa ya chai. Upeleke wodini kabla ya saa saba. ~~Mpe mtu wa boda~~ Nenda mwenyewe. Mimi naenda Mbuya kwa mama mdogo, nilale.

Asubuhi umeme ulikatika, uliporudi tovuti ya duka lako ikabaki imezimika. Ukanipigia mara tatu nikiwa kando ya kitanda cha Mama: "Shifa, njoo uwashe seva!" Nimekuja. Nimeandika amri ya seva kujiwasha kila kompyuta inapowaka, sudo systemctl enable nginx, nikaizima kompyuta na kuiwasha tena, seva ikaamka yenyewe. Miaka miwili nimeiwasha kwa mkono. Sasa hunihitaji.

Mama aliuliza nani anapiga. Nikasema ni wewe, unaulizia hali yake. Alifurahi mno. Usiniumbue.

Dada yako,
Shifa