Visiwa vya Mpira

Jumatatu, 4 Machi 1974. Korogwe
Leo tena kiwandani, kupima mchanganyiko wa soli za kandambili. Mpira sehemu saba, madumu chakavu ya plastiki sehemu tatu. Ulipotoka kwenye rola za moto nilikata ganda jembamba kwa wembe, nikalitazama kwa hadubini niliyoazimwa shuleni. Plastiki imetawanyika kama punje za ulezi. Mpira umeishika pande zote. Soli inakunjika na kurudi. Safi.

Jumatano, 6 Machi
Mpira kutoka Tanga umepungua. Meneja ameamuru tugeuze: plastiki saba, mpira tatu. Kandambili za kijiji kipya cha Kwaluguru lazima zitoke wiki hii. Mama amehamishiwa huko.

Nilijaribu kumweleza meneja. Akanicheka mbele ya karakana nzima. "Karani, mpira na plastiki ni ndugu! Wewe hujasikia Ujamaa?"

Ndugu gani? Hata motoni hawaungani. Aliye mwingi humzingira aliye mchache, basi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekata ganda la mchanganyiko mpya, nikalitazama. Sasa plastiki ndiyo imeshika kote. Mpira umebaki visiwa vidogo visivyogusana. Soli ngumu, ya kukatika. Nilimwambia meneja. Hakuinua kichwa. Lori limeondoka. Nimerudi kwenye mizani. Naogopa.

Jumatatu, 25 Machi
Kandambili zimepasuka miguuni mwa watu. Meneja anasema mimi nilipima vibaya. Ametamka neno hujuma. Watu wamewekwa ndani kwa madogo kuliko haya.

Jumanne, 26 Machi
Ofisa kaja kutoka wilayani. Niliomba aone kwa macho yake. Nikamwekea ganda la kwanza kwenye hadubini, kisha la pili. Alichungulia muda mrefu. Nikadhani nimepona.

"Hili la pili zuri zaidi, kijana. Kama kitenge."

Meneja alicheka hadi akakohoa. Nimefukuzwa kazi. "Shukuru hatukufungi," akasema.

Nawachukia wote wawili.

Jumapili, 31 Machi. Kwaluguru
Shikamoo, marahaba. Mama hakuuliza kwa nini nimerudi na begi.

Ametoboa kandambili zake zilizopasuka kwa msumari wa moto, anazishona kwa uzi wa katani. Mshono unamchubua miguu. Jirani alipopita, mama alizinyanyua amwonyeshe. "Mwanangu huyu ndiye aliyezitengeneza."

Jirani alitazama, akanipa pole ya safari.

Nilikaa kando ya mama, nikamshikia uzi.