Kiumbe wa Safu ya Mbele

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza ukali na cherehani bado inakusikiliza kuliko sisi watoto wako. Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanikimbiza. Umesema simu yako siku hizi inakoroma, husikii mtu, basi nimerudi kwenye karatasi.

Nina habari, kaa kwanza. Hapa ukumbini kwetu tutaonyesha filamu yako. Ndiyo, ile ile: kiumbe anaanguka kutoka sayari nyingine, mjane anamficha ghalani, watu wanamwinda mpaka wanamuua kisimani. Meneja anasema hiyo ndiyo iliyofungua njia kwa filamu zote za aina yake, na wanafunzi wa vyuo wanaisoma darasani. Nilipomwambia kwamba aliyekuwa ndani ya lile vazi la kiumbe ni baba yangu, na kwamba vazi lenyewe alilishona kwa mikono yake, alisimama kabisa. Anataka uje uitazame, halafu ikiisha upande jukwaani watu wakuulize maswali.

Njoo, Baba. Nimeshajisifu sana kazini kwa ajili yako, usiniangushe.

Binti yako


15 Februari

Mama,

Marahaba, marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Barua yako imenifanya nimwachie mteja suruali yenye mguu mmoja.

Nitakuja. Sina mengi ya kusema jukwaani, maana kiumbe mwenyewe hakuwa na neno hata moja. Lile vazi nililishona kwa turubai na bitana za mapazia, na joto la ndani yake lilikuwa la tanuri. Nilizimia mara mbili. Mara ya pili mwongozaji alipendezwa, akaiacha humo humo kwenye filamu.

Lakini sijawahi kukueleza siku ya kwanza ilipoonyeshwa. Mimi na marehemu mama yako tulikaa nyuma kabisa. Kiumbe alipopigwa, mwanamke mmoja alisimama akapaza sauti, "Mwacheni! Kwani kawakosea nini?" Watu wazima walitoka na macho mekundu, wanaulizana njiani kama kweli kafa. Mama yako alinishika mkono akasema, "Umewaliza bila kutia neno." Mwanangu, maisha yangu yote nimepunguza na kupanua nguo za watu. Hicho ndicho kitu kimoja nilichofanya kikawaingia watu moyoni.

Mtaani wameshajua. Kinyozi anataka picha. Mimi nimeanza kujishonea koti.

Baba yako, Mzee Sayari (watoto wa mtaa hawajaniacha)


3 Machi

Baba,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nauliza hivyo hivyo. Ulifika salama? Uliondoka asubuhi ile hata chai hukuimaliza.

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nikaichana. Acha niseme tu. Walianza kucheka kiumbe alipotokea. Kijana mmoja alipiga kelele, "Jamani, zipu!" na kweli zipu ya mgongoni ilionekana, kubwa kama reli. Kuanzia hapo ikawa burudani yao. Kiumbe akijikwaa, kicheko. Mjane akimlisha kwa kijiko, kicheko. Pale kisimani, anapokufa amenyoosha mkono, mtu akajifanya kulia kwa sauti ya mbuzi, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Mimi nilikuwa mlangoni na mkata tiketi na wenzangu wa ofisini. Walikuwa hawakujui, nilikuketisha kabla hawajaingia. Mkata tiketi aliniegemea, machozi yanamtoka, akaniambia, "Mtu gani mzima anakubali kuvalishwa zulia?" Nami nikacheka. Sikujichekesha, Baba. Nilicheka kweli, mpaka nikashika ukuta.

Kisha meneja, ambaye naye alichelewa na hakukuona, akaja akaniuliza, "Mzee wako yuko wapi, tumwite?" Nikatazama safu ya mbele. Nikaliona koti lako jipya. Ulikuwa umeshaweka mikono magotini kama mtu anayejiandaa kusimama. Nikamwambia, "Hakufika. Kapata dharura."

Akapanda akautangazia ukumbi maneno hayo hayo kwenye kipaza sauti, na wewe umekaa hapo hapo miguuni pake. Na ukapiga makofi pamoja nao.

Makofi yale hayanitoki. Njia nzima ya kurudi nyumbani hukutia neno la lawama. Ulisema tu kwamba viti vyetu ni laini. Nilikuonea aibu, Baba, na sasa najionea aibu mwenyewe hata mbele ya kioo. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Binti yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika tena kwa sababu kimya chako kimenizidi nguvu. Simu inaita mpaka inakata. Nimempigia kinyozi, akasema u mzima ila siku hizi hupiti kwake. Unafungua kibanda, unashona, unafunga, unakwenda zako.

Halafu akaniuliza jambo nisiloelewa. Akasema, "Hivi huko kwenu mlimfanya nini? Alirudi ana furaha, anatusimulia kila siku mpaka tukachoka. Mara ghafla kanyamaza."

Alirudi ana furaha? Nieleze, Baba. Naogopa jibu lakini naliomba.

Binti yako


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, na si kwa hasira. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Simu yangu haikoromi. Ni mimi. Sikio la kushoto unajua lilikufa zamani. La kulia nalo limefuata, na sikutaka mjue, wewe wala wateja. Nani atampelekea nguo fundi ambaye lazima umpigie kelele? Basi mtu akisema natazama midomo, natikisa kichwa, vipimo najionea mwenyewe.

Ukumbini nilisikia mngurumo tu, kama lori limewashwa nje. Nikageuka kuwatazama watu. Gizani niliona mabega yanatikisika. Mama mmoja kando yangu alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa. Kijana mwingine kaufunika uso kwa mikono yote miwili. Nikasema moyoni, bado wanalia. Mimi nimezeeka, mama yako kaondoka, na watoto wa leo bado wanamlilia.

Mkuu wenu alipopanda na kusema, kipaza sauti kilimziba mdomo, nikadhani anatushukuru. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Sikuitwa, nikajua muda umekwisha. Kazini kwa watu kuna taratibu zake. Kwako nilisema machache na kuondoka mapema, nisije nikaulizwa nisilosikia, lakini nilirudi nimejaa tele. Nikamwambia kinyozi, nikamwambia muuza magazeti, nikawaambia hata waliokuja kushonewa kifungo: vijana wa vyuo, wasomi, wamelia kama wamefiwa.

Ndipo barua yako ikafika.

Sikulaumu kwa kusema kweli. Ila ujue kwamba yote hayo, kicheko na zipu na sauti ya mbuzi, na kwamba sikufika, niliyapata kwako.

Baba yako


18 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kazini, nikaenda kujifungia stoo ya mabango. Nilidhani naungama ili nikupunguzie mzigo. Kumbe nilikuwa nautua wangu, nikautwika kichwani kwako.

Jana nilimwambia meneja, mbele ya mkata tiketi na wenzangu wote: yule mzee wa koti la kijivu safu ya mbele ndiye alikuwa kiumbe, ndiye baba yangu, na nilimkana. Meneja alivua miwani akaanza kuifuta, akaifuta mpaka nikatamani anifokee. Mkata tiketi akaniuliza, "Alinisikia nilichosema?" Nikamjibu hapana. Akasema, "Afadhali." Kisha akasema, "Hapana, si afadhali," akatoka nje. Mpaka leo hatutazamani.

Naomba ruhusa nije mwisho wa mwezi. Nataka twende wote kwa daktari wa masikio. Na nitapita kwa kinyozi, kwa muuza magazeti, kwa kila uliyemsimulia, niwaambie kwa mdomo wangu nilichofanya.

Binti yako


25 Aprili

Mama,

Marahaba. Njoo. Hapa ni kwenu, hapaombewi ruhusa. Hata kwa daktari tutakwenda, ingawa najua atakachosema.

Kwa kinyozi nimeshakwenda mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikawaambia, "Nilikosea. Hawakulia, walicheka. Sikusikia, kwa sababu siku hizi mimi ni kiziwi." Yote kwa pumzi moja, nisije nikarudi nyuma. Kinyozi akazima mashine, mteja kabaki na kichwa nusu. Muuza magazeti akaanza kusema, nikamwambia aseme akinitazama. Akasema polepole, kama anaongea na mtoto, "Na sisi tukiiona, Mzee Sayari, tutacheka?" Nikamwambia sijui. Zipu ni kubwa kweli. Nililijua kosa lile tangu siku naishona, ila hatukuwa na nyingine.

Hawakucheka. Nadhani waliniogopa, au walinihurumia, na huruma nayo ina makali yake. Sikufichi, nikipita pale sasa natazama chini. Lakini napita.

Ila kuna jambo. Wakati natoka kinyozi alinishika bega, akanigeuza nimwone mdomo, akauliza, "Na binti yako? Alikuwepo wakati wanacheka?" Nikamwambia ulikuwa ofisini, kazi imekubana, hukuona wala kusikia chochote.

Kwa hiyo usipite kwa mtu kuungama. Mara ya kwanza niliwadanganya bila kujua, na imenitosha aibu yake. Safari hii nimedanganya kwa kujua, na wameniamini wote. Ukija wasalimie, ukae kidogo, unywe chai yao. Wakikuuliza, ulikuwa ofisini.

Baba yako