Doa la kijani la Edson

Raudha, natoka kwa Asteria sasa hivi. Yule mumewe Edson ni bure kabisa!

Ameshinda kule machimboni Mwakitolyo anakodolea macho moto wa kuchomelea vyuma, bila miwani. Kurudi tu, akamwona mama yake mzazi ana doa la kijani usoni. Akapiga kelele, "Mchawi!" Mama yake, Raudha! Majirani wakaokota mawe.

Asteria akamkinga mkwewe. "Tazama ukuta. Doa lipo?"

"Lipo."

"Nitazame mimi."

"Lipo."

"Basi liko machoni mwako, mjinga wewe! Mwanga umekuchoma, ubongo wako ndio unalibandika kwa watu."

Mama yake, jamani!

Majirani wakatupa mawe chini. Edson hata radhi hakuomba, kauliza chakula. Asteria na mkwewe wamemwacha, wako njiani kwenda Kagongwa.