Neno la Matangani

Mbotela,
3 Februari 2025

Kwa mpwa wangu Khawla,

Asalaam aleikum. Natumai barua itakukuta mzima huko Muscat, na korido za hiyo hospitali hazijakumaliza mgongo kwa kuzipiga deki. Sisi wazima. Goti langu tu linalia kila nikiinuka kwenye cherehani, hata wateja wanadhani ni mashine inataka mafuta. Barua naandika kwa mkono kisha naipiga picha mwenyewe, kwa hiyo ukiona kitu cheusi pembeni, hicho ni kidole changu.

Habari ya kesi: Saif amekiri kosa. Amekubali kwamba siku ile ya Novemba aliiacha barabara, akapandisha pikapu kwenye njia ya waendao kwa miguu ili aikwepe foleni ya magari ya Jogoo Road, akamgonga mama yako akitoka kuuza mahamri. Adhabu itatolewa tarehe 4 Machi. Mambo yanakwenda vizuri. Wewe fanya kazi, mengine niachie mimi.

Mjomba wako,
Abdurahim


Muscat,
8 Februari 2025

Mjomba wangu,

Waaleikum salaam. Mgongo bado upo. Pole na goti, nalo litie mafuta ya cherehani.

Nimempigia simu jirani yetu Norah wa mboga, kwa sababu wewe ukisema "mambo yanakwenda vizuri" huwa kuna kitu kimeungua. Alikuwa mahakamani kama shahidi. Anasema wakili wa Saif alisimama akaomba asifungwe, apigwe faini tu, kwa kuwa familia ya marehemu "ilishamsamehe." Hakimu akaandika. Na wewe ulikuwa benchi la pili, unaangalia viatu vyako.

Familia ni mimi na wewe. Mimi sijasamehe mtu. Nani alisema hivyo?

Mwanao,
Khawla


Mbotela,
12 Februari 2025

Khawla mwanangu,

Salamu nyingi, na nyingine za aibu. Afya ipo, uso ndio sina.

Ni mimi niliyesema.

Siku ya tatu ya matanga walikuja wazee wanane kutoka Shauri Moyo, mtaa wa kina Saif, mama yake akiwa nyuma yao, amejifunika uso. Wakasoma dua, wakasema, "Tumekuja kuomba radhi." Sasa mtu akikwambia hivyo matangani, umekaa mkekani, kahawa inazunguka, utamjibu nini? Nikasema, "Tumesamehe, ni kazi ya Mungu." Nilisema kama mtu anavyosema "karibu chakula" na huku sufuria imeshakombwa. Mzee mmoja akatoa karatasi. "Basi tia sahihi, tumtulize mama yake." Nikatia. Miwani nilikuwa nimeiacha dukani, na niliona haya kuomba nisomewe. Fundi mzima, anayepima kitambaa mara mbili kabla ya kukata.

Norah ameniambia, "Mzee, wewe ukisemeshwa kwa upole unavua hata suruali uliyovaa."

Lakini nami nikuulize. Kijana akifungwa, dada yangu Mwanasiti atarudi? Na neno lililotoka mbele ya dua, mtu analirudishaje?

Mjomba wako,
Abdurahim


Muscat,
14 Februari 2025

Mjomba,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimesoma barua yako nikiwa kazini na msimamizi ameniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, ni habari ya Novemba.

Saif akifungwa mama hatarudi. Akipigwa faini pia hatarudi, kwa hiyo hilo tuliweke kando.

Ajali ni tairi kupasuka. Huyu aliona foleni, akaona watu wanatembea, akaamua watu ndio watakaompisha. Angemuua kwa panga, kuna mzee angekuja na karatasi? Lakini kwa kuwa aliua kwa usukani, tunasema bahati mbaya, analipa faini, kesho yake yuko barabarani tena. Sheria inaruhusu mpaka miaka kumi. Hiyo kumi iliandikwa kwa ajili ya nani?

Mimi sikumzika mama yangu. Nilipopata tikiti mlikuwa mmeshamzika siku mbili nyuma. Sitaki tena niambiwe kwamba nilisamehe.

Sikuombi ulirudishe neno. Nakuomba useme ni la nani. Vaa miwani, uende.

Mwanao,
Khawla


Muscat,
27 Februari 2025

Mjomba,

Asalaam aleikum. Wiki mbili kimya. Norah anasema duka umelifunga asubuhi tatu na hukumuaga. Ukikasirika, niambie. Ukiumwa, niambie haraka zaidi.

Mwanao,
Khawla


Mbotela,
5 Machi 2025

Khawla mwanangu,

Waaleikum salaam. Siumwi, na hasira sina ila na mimi mwenyewe.

Zile asubuhi tatu nilikuwa namtafuta afisa wa probesheni, anayemwandikia hakimu ripoti kabla ya adhabu. Ya kwanza hakuwapo. Ya pili nilikosea mlango, nikapanga foleni ya vitambulisho saa mbili nzima, nami kitambulisho ninacho. Ya tatu akanisikiliza, akaniombea nafasi niseme mwenyewe.

Jana nikasimama. Wakili wa Saif akanionyesha ile karatasi ya matangani. "Mzee, hii si sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo uliwadanganya wazee matangani?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Hapana. Nilisamehe, na sirudi nyuma. Lakini nilisamehe kilicho changu. Uchungu wa mpwa wangu si wangu, na hakuulizwa. Na ile njia ya miguu si yangu, wanaipita watu wote wa Mbotela. Siwezi kumsamehe kwa niaba yao."

Hakimu akaniambia nirudie polepole aandike. Nikarudia, na mara ya pili haikutoka vizuri hata kidogo, lakini ya kwanza alikuwa ameisikia.

Saif amepewa miaka miwili jela, na leseni amenyang'anywa. Faini hakuna. Lakini miwili kati ya kumi, Khawla. Mama yako aliuza mahamri pale miaka ishirini na sita. Mwendesha mashtaka anasema zipo siku kumi na nne za kukata rufaa ili kifungo kiongezwe. Barua ya kumwomba afanye hivyo nimeshampa, na hiyo nimeisoma neno kwa neno kabla ya kutia sahihi.

Langoni mama yake Saif akanishika mkono. "Si ulisema umesamehe?"

Nikamwambia, "Nimesamehe, dada. Jumamosi ukienda kumwona, tutakwenda pamoja."

Mkono hakuuachia.

Mjomba wako,
Abdurahim


Muscat,
6 Machi 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Waaleikum salaam. Miwili ni michache. Leo namwandikia mwendesha mashtaka barua yangu, kama binti wa marehemu, ili asidhani ni wewe peke yako. Siku kumi na nne zikikaribia kwisha bila jibu, usirudi nyumbani, kaa mlangoni kwake.

Jumamosi nenda. Saif akikuuliza habari zangu, usimpambie maneno. Mwambie Khawla bado. Na sabuni mpelekee.

Mwanao,
Khawla